Makofi ya Alhamisi

Mimi ndiye niliyepiga makofi. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanzia kwingine najikuta najitetea, na kwa kujitetea nimekuwa hodari kuliko kwa kazi niliyosomea.

Kazi yenyewe ni mazoezi tiba, katika hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Njombe. Naitwa Oliva. Nanyoosha magoti yaliyokakamaa, nawasimamisha waliosahau kusimama, na kila Alhamisi saa nne asubuhi nawakalisha wagonjwa kwenye viti kwa duara, katika ukumbi wa zamani wa chakula, nawaongoza katika yoga ya taratibu. Wapo waliolazwa, wanaokuja na blanketi za wodini mabegani. Wapo pia wa kliniki ya presha na kisukari, wanaotoka majumbani kwao. Hakuna anayepeleka mguu shingoni. Ni kupumua, kuinua mikono, kugeuza kiuno na kukaa kimya.

Neno yoga tuliliacha getini. Sista Lucia, matroni wetu, aliniambia mapema kabisa, "Oliva, mazoezi yako mazuri, ila jina hilo litaniletea wazee wa kanisa hapa kabla ya chai." Basi tukayaita mazoezi ya pumzi. Majina mengine nikayabadili mwenyewe. Kuinua mikono juu ni kuanua nguo kambani. Kugeuza kiuno ni kumtazama mtoto mgongoni. Kuinama mbele ni kuchagua mbegu ya viazi. Na lile pozi la mwisho, la kutulia bila kutikisa hata kidole, ambalo walionifundisha wanaliita maiti, nani angethubutu kulitamka mbele ya watu wa wodini? Nililiita kusubiri chai. Wagonjwa wangu wanajua kusubiri chai kuliko watu wote wa nyanda za juu.

Ushuhuda sikuuanzisha mimi. Uliletwa na Mama Conjesta, mgonjwa wa kisukari na presha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Siku moja baada ya kusubiri chai alisimama, akarekebisha kitenge, akasema, "Bwana Yesu asifiwe." Wote wakaitikia amina. Akashuhudia kwamba usiku uliopita alikuwa amelala hadi asubuhi, jambo ambalo hakulijua tangu mumewe afariki. Tukampigia makofi. Wiki iliyofuata wakasimama wawili. Wakatoliki mwanzoni walitazamana pembeni, maana kwao mambo hayo si sana, lakini baada ya mwezi walikuwa wanagombea zamu. Mimi nikaweka utaratibu wa makofi matatu kwa kila anayeshuhudia: moja la kuvuta pumzi, moja la kuitoa, moja la asante.

Niliupenda ule ushuhuda, sitadanganya. Kwenye mazoezi tiba hakuna anayekushukuru. Mtu ukimnyoosha goti anakutukana, likipona anamshukuru daktari. Lakini kila Alhamisi nilisikia jina langu likitajwa karibu sana na jina la Mungu, na nikazoea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwetu Njombe tembo ni ulanzi, pombe ya mianzi, lakini maji ni yaleyale.

Mzee Odilo alikuja mwezi wa tatu. Alitoka Lyamkena, kule Makambako, akiwa na damu puani na presha ya kutisha, akalazwa wiki mbili. Ujana wake wote alikuwa mpasua mbao, wa kusimama juu ya gogo na msumeno wa mikono miwili, na mikono yake bado ilikuwa mipana. Siku ya kwanza nilipomwambia asimame kama mti alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Binti," akasema, "mimi nimeangusha miti miaka thelathini. Leo unataka nisimame kama mti ili nani aje aniangushe?"

Ukumbi mzima ulicheka. Lakini alisimama. Baada ya kuruhusiwa aliendelea kuja kila Alhamisi kwa basi la alfajiri kutoka Makambako, amevaa koti la mvua na kofia ya sufu, na alikuwa wa kwanza kupanga viti. Presha yake ilishuka vizuri. Ilishushwa na vidonge alivyopewa na Daktari Alois, na mazoezi yalisaidia kidogo. Hayo niliyajua. Ila darasani sikuyasema hivyo. Darasani nilisema maneno matamu. Kuna siku nilisema, "Pumzi ni dawa isiyo na foleni wala dirisha." Wakacheka, kwa sababu asubuhi hiyo wengi wao walikuwa wamesimama kwa saa mbili kwenye dirisha la dawa. Nilijiona fundi wa kusema.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado umeufunika mlango, niliwapima presha kabla ya kuanza, kama kawaida yetu. Mzee Odilo alikuwa na mia moja sabini na mbili kwa mia na nne. Nikajiambia ni ule mlima kutoka stendi. Nikaandika kwenye daftari, tukafanya mazoezi. Mwishoni akasimama.

"Kamwene," akatusalimu kwa Kibena, na wenyeji wakamwitikia. "Bwana Yesu asifiwe. Mnanijua, mimi Odilo wa Lyamkena. Mlinikuta hapa kichwa kinapasuka. Mwalimu akasema pumzi haina foleni, haina dirisha. Neno lile nikalishika. Leo ni wiki ya tatu sijameza kidonge hata kimoja. Nalala, naamka, kuni napasua mwenyewe. Vidonge viko kwenye kopo vinanisubiri, na vitasubiri sana."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini kwetu ushuhuda haupingwi. Mtu akisimama akasema Mungu amemtendea, nawe huwezi kusimama ukamwambia ngoja kwanza, tulete daftari. Itaonekana unabishana na Mungu, tena mbele za watu. Ndivyo tulivyolelewa, na sababu hiyo ni nzuri, na nimeitumia mara nyingi sana kujifariji. Ukweli ni kwamba sikuifikiria kabisa wakati ule. Wakati ule nilisikia jina langu, nikaona nyuso ishirini zimenigeukia, na mikono yangu ikainuka. Kofi la kuvuta, la kutoa, la asante. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Nilikusudia kumwita pembeni baada ya darasa. Nilimwona akienda getini na mwavuli wake, nikasema wiki ijayo. Maana wiki ile iliyokuwa inakuja tulikuwa na wageni, watu wa wafadhili waliosikia habari za duara letu, na ikiwapendeza wangetujengea chumba chetu wenyewe chenye sakafu ya mbao. Sista Lucia alikuwa ameshaniambia niandae wagonjwa wawili wa kuzungumza. Nilimwandaa Mama Conjesta. Na nilimwandaa Mzee Odilo.

Siku ya wageni nilimpima kila mtu isipokuwa yeye. Alipokunja mkono wa koti na kunyoosha mkono wake nilimwambia, "Mzee, betri imeisha." Betri haikuwa imeisha. Mashine ilikuwa mkononi mwangu, taa yake inawaka, na yeye hakuwa anaona vizuri kwa mbali wala kwa karibu. Akateremsha mkono wa koti, akasema, "Haina shida, mwanangu, mimi najijua." Kisha akashuhudia vizuri kuliko siku zote. Wageni wakafuta machozi. Mmoja wao alinishika mikono yote miwili.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Mzee Odilo alianguka nyumbani kwake Lyamkena, mkononi ana shoka la kupasulia kuni.

Nilimkuta wodini Jumatatu. Walikuwa wamemhudumia kwanza Makambako, halafu wakamleta kwetu. Upande wote wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umevutwa, na maneno yalimtoka moja moja kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele. Kando ya kitanda alikaa binti yake, Teodora, ambaye nilikuwa namjua kwa kumsikia tu. Ana mgahawa karibu na stendi ya Makambako, pale magari ya Songea na ya Mbeya yanapoachana, na ndiye aliyekuwa akimlea baba yake. Alinisalimia kwa heshima kubwa. "Shikamoo, mwalimu. Baba anakutaja kila siku."

Tunalingana umri. Sikuitikia marahaba. Nilisema nisamehe, nina mgonjwa mwingine, nikatoka nje nikasimama nyuma ya chumba cha kufulia.

Daktari Alois alimuuliza mzee kama alikuwa anatumia dawa. Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Mzee alinitazama kwa lile jicho zima.

"Ni-li-sahau," akasema.

Daktari akaandika. Teodora akainama, akajifunika uso kwa khanga. Na mimi, ambaye ningeweza kusema kwa sentensi moja, nilianza kumkunja mzee vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kwa ustadi mkubwa.

Siku ya tatu, Teodora alipokwenda kuchukua uji, mzee alinishika mkono kwa mkono wake wa kushoto. Ulikuwa bado na nguvu za msumeno.

"Usiseme," akasema.

"Kwa nini, mzee?"

"Wata... funga."

"Watafunga nini?"

Akachora duara hewani kwa kidole.

Nilipaswa kumwambia kwamba si kazi yake kunilinda. Badala yake nilijisikia mwepesi. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: mtu amelala nusu amekufa kwa sababu yangu, ananipa zawadi, na mimi naipokea kwa mikono miwili. Usiku ule nilikula vizuri. Nikajiambia kusema kutamponya nani? Duara likifungwa, watu ishirini watakosa usingizi. Nilijenga hoja nzuri, ya kupeleka hata mahakamani.

Alhamisi mbili zikapita. Tuliendelea kuanua nguo kambani na kuchagua mbegu. Kiti cha Mzee Odilo waliacha wazi, na Mama Conjesta alimwombea kwa sauti. Wa kliniki nilikuwa nawapima, naandika namba, sizitazami mara mbili. Ushuhuda uliendelea. Sikuusimamisha, kwa sababu nikiusimamisha wangeniuliza sababu.

Kilichonivunja ni kitambaa.

Jumatano mchana nilikwenda kumfanyisha mzee mazoezi nikamkuta Teodora anashona. Alikuwa na kipande cha kitenge cha njano, amekigawanya mifuko saba, na juu ya kila mfuko ameandika siku kwa uzi mwekundu, Jumatatu hadi Jumapili. Alinionyesha kwa kusitasita, kama mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu.

"Nitaweka vidonge vya baba humu," akasema. "Mwalimu, naomba uangalie kama nimepanga vizuri. Mimi sikusoma sana. Nilikuwa nashinda mgahawani, nikirudi namuuliza baba umemeza, anasema ndiyo, na mimi naamini. Angekuwa na binti mwenye akili asingeanguka. Nimeshamwambia Mungu anisamehe, ila yeye mwenyewe nashindwa kumwangalia usoni."

Mzee alikuwa amegeukia ukutani. Alikuwa anasikia. Nikaona bega lake zima linatikisika, nikajua kwamba zawadi aliyonipa mimi alikuwa anamlipisha mwanawe, na kwamba na yeye alikuwa ameshaliona hilo, na mdomo wake ulikuwa mzito mno kulirekebisha. Nilikishika kile kitambaa. Mishono yake ilikuwa midogo, imenyooka. Nilimwambia amepanga vizuri, na nikamwomba kesho amlete baba yake ukumbini kwa kiti cha magurudumu.

"Atafanya mazoezi?" akauliza.

"Atakaa tu," nikasema. "Kuna jambo nataka alisikie. Na wewe."

Usiku sikulala, na pumzi haikunisaidia chochote.

Alhamisi walikuja wote. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa saba, wamevaa masweta juu ya masweta, na mvuke ukiwatoka mdomoni hata kabla sijawaambia watoe pumzi. Teodora alimsukuma baba yake hadi kwenye nafasi yake, akasimama nyuma ya kiti. Watu wakamshangilia mzee, naye akainua mkono wa kushoto. Tulifanya mazoezi kwa nusu saa. Aliweza kumtazama mtoto mgongoni kwa upande mmoja. Tulipomaliza kusubiri chai, Mama Conjesta akaanza kuinuka.

"Mama, leo niache nianze mimi," nikasema.

Nikasimama. Miaka miwili nilikuwa nimekaa upande wa kupokea, na sikujua kwamba sakafu ya pale katikati ni baridi namna ile.

"Bwana Yesu asifiwe," nikasema.

"Amina."

"Ushuhuda wangu si mzuri, na naomba msiupigie makofi." Nikawageukia Teodora na baba yake. "Mwezi wa sita Mzee Odilo alisimama hapa akasema ameacha vidonge. Mimi nilikuwa nimetoka kumpima. Presha yake ilikuwa juu sana, niliiona, niliiandika. Nilijua kwamba anakwenda kuanguka. Sikumwambia yeye, sikumwambia daktari. Nilipiga makofi. Wiki ya wageni nilisema betri imeisha ili nisimpime, maana nilitaka asimame mbele yao aniseme vizuri. Betri ilikuwa nzima. Yeye hakusahau dawa. Aliziacha kwa neno langu, kwa kuwa nilisema pumzi ni dawa na nikaishia hapo. Pumzi haitoshi. Sijawahi kuwaambia kwamba haitoshi. Teodora, baba yako hakuanguka kwa sababu ya mgahawa. Alianguka kwa sababu yangu."

Nje, mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye sakafu ya veranda. Mzee Odilo alikuwa amefumba macho.

Teodora aliondoa mikono kwenye kiti cha baba yake. Alinitazama, na ile heshima ya shikamoo-mwalimu ilikuwa imeondoka usoni mwake, na mimi nikaona nafuu kuikosa.

"Wiki tatu," akasema polepole. "Wiki tatu najua kwamba nimemuua baba yangu. Wewe ulikuwa unakuja kila siku, unamkunja vidole, unaniangalia."

"Ndiyo," nikasema.

"Uliniangalia jana nikishona."

"Ndiyo."

Nilingoja wainuke waondoke. Ningewaelewa. Nilikuwa nimeshaona kichwani ukumbi ukiwa mtupu, Sista Lucia akiufunga kwa kufuli, na nilikuwa tayari.

Aliyeinuka ni Mama Conjesta. Lakini hakwenda mlangoni. Alisimama akahangaika na fundo la kitenge chake pale kiunoni, lile ambalo wamama huwekea vitu vya maana, akalifungua kwa meno. Ndani kulikuwa na karatasi mbili za vidonge, zimejaa, hakuna kilichotobolewa.

"Mwalimu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ya kwaya ilikuwa ndogo. "Mimi niliacha siku ileile ya Mzee Odilo. Nilisema, kama yeye ameweza. Na hata alipoanguka, nilisema imani yake ilikuwa ndogo."

Akaziweka kwenye kiti chake. Kornelio, mzee mwembamba wa kisukari anayetoka Mdandu, alikohoa, akaingiza mkono ndani ya sweta la pili, akatoa kopo. Aliliweka tu sakafuni mbele ya viatu vyake. Kisha mama mmoja wa mwisho kwenye duara. Kisha mwanamume wa karibu na dirisha, ambaye alisema vyake viko nyumbani, kwenye pipa la mahindi, wiki ya nne sasa.

Wanne. Niliwapima hao wote Alhamisi mbili mfululizo, nikaandika namba zao bila kuzitazama. Nikakaa palepale katikati, sakafuni. Kama Teodora asingeshona kile kitambaa ningeendelea kunyamaza, na mmoja wao angeanguka kama mzee.

Ndipo nikasikia kofi. Lilikuwa zito, la nyama juu ya nguo. Mzee Odilo alikuwa amefumbua macho, na kwa mkono wake wa kushoto alikuwa anajipiga pajani, maana hakuwa na mkono wa pili wa kupigia. Moja. Likafuata la pili. Alivuta pumzi, akapiga la tatu.

Machozi yalikuwa yananidondoka. "Mzee," nikamwambia, "nakuomba, mimi usinipigie."

Aligeuza kichwa taratibu hadi akanipata. Mdomo ulihangaika kwanza, Teodora akainama kumfuta mate kwa ncha ya khanga.

"Si wewe," akasema. Akanyoosha kidole kwa Mama Conjesta, kwa Kornelio, kwa wale wawili. "Hao."

Nikainuka kwenda kumwita Daktari Alois. Nilipofika mlangoni nilitazama nyuma. Teodora alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha Mama Conjesta, amekitoa kile kitambaa cha njano, amekitandaza mapajani mwa mama huyo, anamsomea siku zilizoandikwa kwenye mifuko.